Heathkit SB-220: amplifaya iliyoundwa nyumbani

Heathkit SB-220 ni amplifaya ya valvu ya Marekani, iliyotengenezwa kwa ajili ya redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya watu wanaorusha mawimbi kwa mapenzi yao, kwa leseni na bila malipo. Ilianza kuuzwa karibu na mwaka 1970. Kazi yake ni moja tu: kupokea wati 100 hivi kutoka kwenye redio iliyo mezani na kuzipeleka kwenye antena zikiwa wati 1,000 hivi.

Tofauti yake na amplifaya nyingi za rika lake ni kwamba haikuundwa kiwandani. Mnunuzi alipelekewa vipuri na kitabu cha maelekezo, akakaza skrubu, akaunga waya kwa risasi, na baada ya jioni kadhaa akawa na mashine. Kwa hiyo kila SB-220 iliyo hai leo ina fundi wake, ambaye mara nyingi jina lake limeshasahaulika. Anayeinunua sasa ananunua na mkono wa fundi huyo, uwe mwepesi au mzito.

Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, katika jimbo la Michigan, haikuanzia kwenye redio. Edward Bayard Heath aliuza vipuri vya ndege ndogo ambazo mteja alijiundia, na mwaka 1931 alikufa katika ajali ya ndege. Howard Anthony akainunua kampuni mwaka 1935. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, soko lilifurika vifaa vya elektroniki vilivyobaki jeshini. Anthony akavizoa kwa wingi, na mwaka 1947 akaanza kuuza osiloskopu ya kujiundia kwa bei ambayo fundi wa kawaida aliimudu. Naye alifariki katika ajali ya ndege, mwaka 1954. Kampuni hii na ndege hazikuwa na bahati. Jina la Heathkit likaendelea kukua chini ya wamiliki mbalimbali hadi mwaka 1992, kampuni ilipoacha kuuza vifaa vya kujiundia.

Vitabu vyake vya maelekezo vilikuwa na sifa kubwa. Kila hatua ilikuwa na nafasi ndogo pembeni ya kutia alama ya vema baada ya kumalizika: waya huu, urefu huu, unga hapa, usiunge bado pale. Mnunuzi wa leo mwenye uzoefu huulizia kitabu cha asili kabla hata ya kuulizia valvu. Kitabu chenye alama za vema kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa penseli iliyochongwa vizuri, ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya muuzaji.

Ndani ya mashine zimo valvu mbili za kioo aina ya 3-500Z. Zilibuniwa na Eimac ya California, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1934 na Bill Eitel na Jack McCullough, wote wawili wakiwa wanaredio wa ridhaa. Jina la kampuni limeungwa kutokana na majina yao. Valvu hizohizo zilitumika pia katika Drake L-4B na Kenwood TL-922, na zimeendelea kutengenezwa China, jambo linalofanya amplifaya za kundi hili ziwe rahisi kuzitunza kuliko zile zenye valvu ambazo hakuna anayezitengeneza tena.

Anodi ya kila 3-500Z huweza kutoa wati 500 za joto bila kudhurika. Filamenti yake, waya wa tangsteni uliochanganywa na thoriamu, hutumia volti 5 na ampia 14.5 hivi. Hesabu hiyo ina maana kwamba valvu mbili hula karibu wati 145 kwa kukaa tu, kabla mtu hajasema neno. Feni ikisimama, joto halina pa kwenda, na risasi iliyo ndani ya pini za valvu inaweza kuyeyuka. Kwa sababu hiyo tone la mafuta ya mashine kwenye beringi za feni, kazi ya dakika mbili, ni matunzo yenye faida kubwa kuliko yote katika mashine hii. Ni kazi inayosahauliwa kuliko zote pia.

Mgeni hushtuka anapoona anodi inageuka nyekundu. Kwa 3-500Z wekundu hafifu si ugonjwa. Anodi ya chuma imepakwa zirkoniamu, madini ambayo yakipata joto hunyonya mabaki ya gesi yaliyomo ndani ya kioo. Valvu iliyolala kabatini miaka mingi huwa na gesi kidogo, na ikipewa volti ya juu ghafla inaweza kupiga cheche ndani kwa ndani. Wazoefu huiwasha filamenti peke yake kwa saa kadhaa kwanza. Cha kuogopwa ni valvu moja kuwa nyekundu sana huku pacha wake akiwa mweusi, kwani hapo mzigo haugawanywi sawa.

Hata hivyo, valvu husingiziwa mengi. Kinachozeeka kwanza katika SB-220 ni upande wa umeme wa juu.

Transfoma na dayodi zake hutoa takriban volti 3,000. Umeme huo hulainishwa na kapasita nane za elektroliti, kila moja ya mikrofaradi 200 na volti 450, zilizopangwa mfululizo hadi kuwa sawa na kapasita moja ya mikrofaradi 25. Zikijaa hubeba zaidi ya jouli 110, kiasi cha kutosha kusimamisha moyo wa mtu. Kila kapasita imewekewa rezista ya kiloomu 30 yenye kazi mbili: kugawa volti sawasawa baina ya kapasita nane, na kumwaga chaji mashine inapozimwa. Rezista zote zikiwa nzima, chaji hupungua hadi kiwango kidogo ndani ya nusu dakika hivi. Moja ikikatika, kapasita yake hubaki na volti mia tatu na ushei kwa muda mrefu, wakati mita ya mbele, yenye kipimo cha maelfu ya volti, haiuonyeshi umeme huo vizuri. Huo ndio mtego uliowaumiza watu.

Rezista hizo zina kosa jingine. Kila moja hugeuza karibu wati 5 kuwa joto, na zote nane zimekaa jirani na kapasita zilezile zinazotakiwa kuzilinda, zikizipika polepole kwa miaka hamsini. Wamiliki wengi wanapoweka kapasita mpya hubadilisha na rezista, wakaweka za kiloomu 100. Joto hushuka hadi chini ya theluthi, lakini chaji nayo huchukua zaidi ya dakika moja kuisha, na fundi aliyezoea nusu dakika inampasa abadili mazoea yake. Kubadilisha kapasita moja iliyovimba na kuziacha saba za zamani ni kujitafutia safari ya pili; zote nane huondolewa pamoja.

Utaratibu wa kufungua mashine haubadiliki. Plagi huchomolewa ukutani, na swichi ya mbele haihesabiwi. Mtu husubiri. Kisha hutumia fimbo yenye mshikio usiopitisha umeme, iliyofungwa waya wa ethi, kugusa sehemu za umeme wa juu, akapima kila kapasita kwa mita inayostahimili volti hizo, na kuuacha waya wa ethi ukiwa umebanwa mpaka amalize. Mkono mmoja hukaa mfukoni ili umeme ukipata njia usipite kifuani. Mafundi wa zamani wa redio za valvu waliwafundisha wanagenzi wao jambo hilo kabla ya kuwapa bisibisi, ingawa redio za sebuleni zilikuwa na volti mia chache tu.

Rezista mbili ndogo za oomu 47 zinastahili kupimwa pia. Zimezungushiwa koili fupi kwenye njia ya kila anodi, na kazi yake ni kuzuia valvu zisijianzishie mawimbi zenyewe katika masafa ya juu ambayo hakuna aliyeyaomba. Kwa joto na umri thamani yake hupotoka. Valvu zikijianzishia mawimbi hayo, cheche inaweza kuunguza dayodi ya zena inayotuliza mkondo wa valvu, na pengine mita yenyewe. Fundi asiyejua hubadilisha dayodi, akawasha, ikaungua tena.

Kuna tatizo moja ambalo mwaka 1970 halikuwa tatizo. Rilei ya SB-220, inayobadilisha antena kati ya kupokea na kurusha, hutumia zaidi ya volti 100 za umeme wa moja kwa moja, na volti hizo hutokea kwenye tundu linalounganishwa na redio. Redio za enzi hizo zilikuwa na rilei yao ya chuma, hazikujali. Redio ya leo hufanya kazi hiyo kwa transista ndogo, na mara nyingi transista hiyo hufa siku ya kwanza. Kibao kidogo cha saketi ambacho huacha redio ione volti chache tu kimekuwa marekebisho ya lazima. Anayenunua SB-220 asiyejua kama marekebisho hayo yamefanyika apime tundu hilo kabla ya kuunganisha chochote.

Transfoma ina nyuzi mbili za upande wa kuingiza umeme. Kwa volti 120 za Marekani huungwa sambamba, na mashine huhitaji hadi ampia 20. Kwa volti 240 huungwa mfululizo, na mahitaji yakashuka hadi ampia 10. Hata Marekani kwenyewe wamiliki hupendelea volti 240, kwa kuwa volti za nyumba hazitikisiki mtu anapozungumza. Nairobi au Dar es Salaam, ambako plagi ya mraba ya ampia 13 imeenea, soketi ya kawaida inatosha. Lakini mashine iliyofika kutoka ng'ambo ikiwa bado imeungwa kwa volti 120 itaharibika mara tu ikiwashwa, hivyo nyaya hizo hukaguliwa kwa macho. Mwambao nako kuna jambo lake: vumbi likikutana na unyevu wenye chumvi hufanya njia ya umeme juu ya vihami, na volti 3,000 hazihitaji njia pana. Brashi laini na spiriti humaliza kazi hiyo.

Je, shida zote hizi zinanunua nini? Kutoka wati 100 hadi 1,000 ni ongezeko la desibeli 10. Kwenye mita ya redio ya anayesikiliza, ambapo nguvu ya mawimbi huhesabiwa kwa hatua za S na kila hatua ni desibeli 6, hiyo haifiki hata hatua mbili. Anayesikika vizuri kwa wati 100 hatasikika vizuri mara kumi zaidi. Faida huonekana pembezoni, pale ambapo sauti inazama na kuibuka katika kelele za usiku kwenye mkanda wa mita 80, au watu mia wanapomwita kituo kimoja kwa pamoja. Fedha hizohizo zikitumika kuinua antena mara nyingi hufanya zaidi, kwa sababu antena nzuri husaidia kusikia pia. Ni ushauri wa kweli ambao wapenzi wa valvu huukubali, kisha wakanunua amplifaya.

Sheria imeacha alama ndani ya mashine hii. Marekani ilikuwa ikipima nguvu inayoingia kwenye hatua ya mwisho, na kikomo kilikuwa wati 1,000. SB-220 ilitangazwa kuwa ya wati 2,000 za kilele zinazoingia kwa sauti ya SSB na 1,000 kwa Morse, ndiyo sababu mbele kuna swichi inayoshusha volti kwa ajili ya Morse na urekebishaji. Mwaka 1983 kipimo kilihamia kwenye nguvu inayotoka, wati 1,500 za kilele. Kabla ya hapo, mwaka 1978, FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilipiga marufuku uuzaji wa amplifaya zinazofanya kazi kwenye mkanda wa mita 10, kwa sababu watumiaji wa redio za raia za megahezi 27 walikuwa wakizinunua kinyume cha sheria. Heath ikaleta SB-221, mashine ileile bila mita 10, na wengi wenye leseni wakairudishia mkanda huo wenyewe. Mikanda ya megahezi 10, 18 na 24, iliyogawiwa na mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 1979, haimo kwenye swichi ya mashine yoyote kati ya hizo mbili.

SB-220 ina uzito wa kilo 22 hivi, na sehemu kubwa ni transfoma. Ikisafirishwa nzima, transfoma hukunja chesisi kila boksi linapoangushwa. Wanaojali huifungasha peke yake, na valvu katika boksi la tatu, zikiwa zimesimama wima kama zinavyokaa zikifanya kazi, kwani filamenti ikilegea na kugusa gridi hakuna dawa.

Mashine ikishafika, vumbi likapanguswa na kapasita mpya zikakaa, kazi ya mwisho hufanywa kwa taa na kioo cha kukuzia. Viungo vya risasi hukaguliwa kimoja kimoja. Kizuri hung'aa na kuteleza; kibaya ni cha kijivu, kimekunjamana, kilipoa kabla hakijashika. Si ajabu kukuta kimoja cha namna hiyo nyuma ya swichi ya mikanda, mahali ambapo mkono haufiki vizuri, kikiwa kimesumbua wamiliki kadhaa kwa kukatakata mawimbi. Kwenye kitabu, pembeni ya hatua hiyo, alama ya vema imetiwa.