Devopsi

Devopsi ni utaratibu wa kazi ambamo waandishi wa programu hushiriki pia kuziendesha seva zinazobeba programu hizo. Zamani kazi hizo zilitengwa: mmoja aliandika, mwingine akasimika, na hitilafu ilipotokea kila upande uliulaumu wa pili. Jina lilienea baada ya mkutano ulioandaliwa na Patrick Debois mjini Ghent, Ubelgiji, Oktoba 2009.

Nguzo yake ni otomatiki. Kila badiliko la msimbo huhifadhiwa kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, hujaribiwa na kompyuta, kisha hupelekwa kwenye seva bila mtu kuchapa amri moja moja. Likileta kasoro, toleo la awali hurejeshwa.

Mfano unaoigusa Bunyakiri, katika eneo la Kalehe, Kivu Kusini, ni DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huutumia kukusanya ripoti za kanda zake za afya, na Bunyakiri ni mojawapo ya kanda hizo. Seva za DHIS2 zaweza kusimikwa kwa Ansible, programu ya otomatiki: maelezo ya seva huandikwa katika faili, nayo mashine huyatekeleza.

Mtandao ukikatika, programu ya simu ya DHIS2 hutunza takwimu hadi urudi. Hivyo toleo jipya la seva sharti lielewane na simu zenye toleo la zamani.