Kiungo na Bawaba

Mpishi akisema "viungo" anawaza iliki na mdalasini. Mtangazaji wa mpira akisema "kiungo" anamtaja anayekamata dimba la kati. Daktari naye anashika goti lako. Wote watatu wanalitumia tendo moja: kuunga.

Ila kuunga kuna namna zake. Msumari huunga ubao na ubao, muungano ukawa mfu, usiosogea. Kiwiko huunga mifupa na bado mkono ukakunjuka. Ndiyo kazi ya bawaba pia, neno tulilolitoa kwa Waarabu, ambao kwao bawaba ni lango zima. Sisi tumeliacha lango, tukashika kile kipande kinacholigeuza. (Uchaguzi mzuri, nadhani.) Bega halifanani na bawaba hata kidogo: ni tufe ndani ya kikombe, kama kioo cha pembeni cha gari kinachogeuzwa huku na huku. Goti lina ujanja wake: watu hulihesabu kuwa bawaba, lakini likikunjwa huweza kuzunguka kidogo.

Mwaka 1932 Mwingereza George Carwardine, mhandisi wa springi za magari, alisajili hataza ya taa ya mezani inayokunjika kama mkono. Ina vifundo mithili ya bega na kiwiko, na springi zinazofanya kazi ya misuli, hivyo ukiiachia hapo, inabaki hapo hapo. Tunaiita taa ya mezani tu. Mimi ningeiita taa kiwiko.