Kunduchi kabla ya hoteli (Sehemu ya 4)

Haya wapendwa, tuendelee. Leo ni Kunduchi. Wengi tukisikia jina hilo tunawaza hoteli, harusi za ufukweni na boti za kwenda Mbudya. Lakini pale palikuwa na msikiti wa mawe wakati Dar es Salaam haijawa hata wazo. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar miaka ya 1860, pembeni ya kijiji cha Mzizima. Msikiti wa Kunduchi wataalamu wanauweka karne ya 15 au 16. Piga hesabu mwenyewe.

Magofu yapo mpaka leo, mawe ya matumbawe na chokaa. Kinachonivuta mimi zaidi ni makaburi. Yale ya karne ya 18 yana nguzo, na kwenye nguzo walipachika bakuli na sahani za Kichina. Nyingi hazipo tena, yamebaki matundu ya duara. Yaani mtu alisimama juu ya kaburi la mwenzake akabandua sahani! Na waliozikwa pale hawakuwa hohehahe. Chombo kile kilitoka China, kikapita mikono ya wafanyabiashara wengi wa Bahari ya Hindi, halafu familia ikaona kikae kwa marehemu.

Pwani hii ya Mrima ilikuwa ya Washomvi, Waislamu waliokuwa wakivua na kuuza chumvi, na simulizi zao zinataja asili ya Barawa. Nyuma yao, bara kidogo, Wazaramo. Wakaoana, wakachanganyika, ndo maana ukimuuliza bibi wa Kunduchi kabila lake anaweza kukupa mawili.

Sasa idadi ya watu, na hapa kidogo niongee kama nesi. Sensa ya 2012 iliipa Kinondoni watu 1,775,049. Ya 2022 ikaipa 982,328. Mtu asiyejua atasema watu wamekufa au wamehama. Hapana! Katikati hapo Ubungo ilikatwa ikawa wilaya yake, na 2022 ilikuwa na watu 1,086,912. Jumlisha zote mbili unapata 2,069,240. Kwa hiyo tumeongezeka karibu 300,000. Kwetu kliniki hili si la mezani tu, maana idadi ya watoto wa kuchanja inakadiriwa kutokana na sensa. Mpaka ukisogea na hesabu isisogee, chanjo zinaenda kusiko na watoto.

Na kwenye namba hizo mwenyeji wa Kunduchi haonekani. Sensa zetu siku hizi haziulizi kabila, na mimi naona ni sawa, ila maana yake hakuna karatasi itakayokwambia wale wa zamani wamebaki wangapi kati ya wahamiaji kama mimi.

Bahari nayo inadai chake. Ufukwe unaliwa miaka mingi sasa, na mchanga ambao mito ingeuleta kuujaza tunauchimba tukajengee. Hoteli ya Africana, jirani tu hapo, iliachwa kwa sababu ya mawimbi. Leo konda anaita "Afrikana!" na abiria wengi hawajui kama lilikuwa jina la hoteli.

Mwenye babu au bibi wa Kunduchi Pwani, muulize makaburi yale ni ya kina nani, umrekodi kwa simu angali ana nguvu ya kuongea. Kesho tunavuka Kigamboni, twende Mbwamaji.