Goma: mlima, njia ya ndege na mota moja

Wengi wakipanda ndege huogopa kule juu mawinguni. Lakini wenye kazi ile huziangalia zaidi sekunde chache ambapo ndege ingali inapiga mbio chini. Mota moja ikifa wakati ule, rubani afanye nini?

Jibu hutafutwa mapema, abiria hawajaketi bado. Kwa kila safari huhesabiwa mwendo fulani, nao ndio mwendo wa kukata shauri. Mota ikifa kabla ya kuufikia, rubani hupiga breki, na njia iliyo mbele yake sharti itoshe kusimama. Ikifa baadaye, hana budi kuruka na mota iliyobaki. Nayo ndege ya mota mbili, ikibakiwa na moja na kukunja magurudumu, sharti iweze kupanda walau meta 24 kwa kila meta 1,000 za safari.

Sasa tuutazame mji wa Goma. Uwanja wake uko meta 1,550 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mota hupungukiwa nguvu, ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Upande wa kaskazini, kilometa 15 hivi, umesimama mlima Nyiragongo wenye meta 3,470. Pigeni hesabu wenyewe: kwa kilometa 15 ndege ile ya mota moja itapanda meta 360, na mlima unaupita uwanja kwa meta 1,900! Ndiyo maana ndege kubwa zilizoea kuruka kuelekea kusini, penye ziwa. Tena njia ikiwa fupi, dawa ni kupunguza mizigo. (Mwenye mizigo hapendi kusikia neno hilo, hasa mahali ambapo barabara zimekufa.)

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka. Watu wanakumbuka moto ulioshuka mjini hata ziwani, na umati uliokimbilia Gisenyi. Habari za uwanja zilisemwa kidogo tu. Njia ya ndege ilikuwa na meta 3,000. Lava ikaifunika upande wa kaskazini, zikabaki meta 2,000 hivi. Ndege ziliendelea kuruka. Hivyo mlima, uliokuwa umeziba kaskazini tangu zamani, sasa ulikuwa umekata pia nafasi ya kusimama.

Ikapita miaka sita. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege DC-9, yenye mota mbili mkiani, ilikuwa ikitoka Goma kwenda Kisangani na Kinshasa. Ikiwa katika mbio zake, mota ilileta matata. Rubani akaacha kuruka, akajaribu kusimama, lakini njia ikamwishia. Ndege ikapita mwisho wa uwanja, ikaingia mtaa wa Birere, kati ya nyumba na maduka, ikawaka moto. Walikufa watu 40 hivi, na walio wengi hawakuwa abiria. Hawakununua tiketi yoyote. Walikuwa sokoni na nyumbani mwao.

Baadaye mwamba ule ulivunjwa, na mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dolari milioni 52 kwa usalama wa uwanja huo. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo aina ya Dornier, iliyokuwa ikienda Beni, ilianguka mara baada ya kuinuka. Iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo, karibu na uwanja.