Vitabu vya Manowari na Jina la Panga ya Watoro

Makangale iko kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, pale msitu wa Ngezi unapokwisha na rasi ya Kigomasha kuingia baharini. Upande wa machweo ni mkondo wa kina kirefu unaokitenga kisiwa na mrima. Bahari hiyo imeandikwa katika vitabu vya Kiingereza vilivyosomwa sana. Makala haya yauliza ni jambo gani vitabu hivyo haviwezi kutueleza.

Mwaka 1873 vilitolewa London vitabu viwili vya maofisa wa manowari, kimoja cha G. L. Sulivan, aliyekuwa nahodha wa Daphne, na cha pili cha P. H. Colomb wa Dryad. Vyote viwili vyasimulia msako wa vyombo vya watumwa katika Bahari ya Hindi. Msomaji huvutwa na masimulizi yao: tanga laonekana kwa mbali, mashua zashushwa, na mbio zaanza.

Mwaka huohuo, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa kusafirishwa baharini. Lakini mwaka uliotangulia tufani ilikuwa imeiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na ile ya Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika. Mashamba ya Pemba yakahitaji watu zaidi wakati uleule njia ya bahari ilipofungwa. Kwa hiyo watumwa walitembezwa kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, kisha wakavushwa kwa siri hadi kisiwani. Kuanzia 1874 manowari London ilitia nanga bandarini Unguja, na mashua zake zikalinda maji ya Pemba. Hatari ilikuwa ya kweli: tarehe 3 Desemba 1881 mkuu wake, Kapteni Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokikaribia chombo kilichotweka bendera ya Kifaransa.

Ushujaa huo hatuukatai. Lakini yafaa tuyatazame maneno. Jahazi, betili, sambuku, bedeni na mtepe, vyombo ambavyo baharia wetu huvitambua kwa umbo la omo na tezi, katika masimulizi ya Kiingereza mara nyingi hukusanywa chini ya neno moja tu, "dhow". Watu waliokuwamo ndani nao hupewa idadi, na ni nadra kupewa majina. Katika mpango wa hadithi hizo, ofisa ndiye mtendaji. Mtumwa hungoja kuokolewa.

Sasa twende ufukweni. Katika rasi ya Kigomasha pana mahali paitwapo Panga ya Watoro. Panga hapa ni pango. Mtoro, ambaye siku hizi wengi humfahamu kuwa ni mwanafunzi akimbiaye shule, katika Kiswahili cha zamani alikuwa hasa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Jina la mahali peke yake si ushahidi wa tukio fulani, wala halitupi tarehe. Hata hivyo lahifadhi wazo lisilopata nafasi kubwa katika vitabu vile: kwamba mtu aliweza kujitoa utumwani kwa miguu yake mwenyewe. Neno lenyewe latokana na kitenzi kutoroka, na mtendaji wake ni mtumwa.

Hali ya utumwa iliondolewa katika sheria ya Unguja na Pemba mwaka 1897. Mwaka 1900 mnara wa taa ulisimamishwa Kigomasha, na vyombo vikaelekezwa na mwanga palepale vilipokuwa vikijificha gizani.

Kazi inayotupasa, basi, ni kuvisoma vitabu vya manowari pamoja na majina ya mwambao wenyewe. Majina ya mapango, miamba, mikondo na milango ya bahari ya Makangale yafaa yakusanywe kutoka kwa wavuvi na manahodha, kila moja pamoja na maelezo ya msemaji wake. Manowari ziliacha daftari na vitabu. Watoro hawakuacha maandishi, na katika rasi ile alama yao ni jina.