Fanya juu: somo la Machakos kwa waandika programu

Leo naacha programu kidogo, tuangalie vilima vya hapa kwetu Machakos.

Miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba nchi ya Wakamba inakufa: watu wengi, ng'ombe wengi, udongo unakwenda na maji. Dawa yao ikawa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kudai ng'ombe wao, na mpango ukakwama.

Watu wakaongezeka, kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hadi kama 1,400,000 mwaka 1989. Kwa nadharia ile, hapa pangekuwa jangwa. Kumbe wakulima, kwa vikundi vya mwethya, walichimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mmomonyoko umepungua.

Sisi waandika programu nasi tuna nadharia zetu safi za ofisini. Anayejua mteremko wa shamba ni mwenye jembe. Je, tumemwuliza?