Safu ya lugha: Rubani

Kijana wa mafleti ya Michenzani anayependa ndege za kivita hana haja ya kusubiri F-16 ipite juu ya Unguja. Huirusha mwenyewe kwenye gemu ya mkononi. Sony ilitoa PSP, kifaa chake cha gemu cha mkononi, mwaka 2004, na mwaka 2006 ikafuata Ace Combat X, gemu ya mapigano ya angani. Lakini wachezaji wengi husema "pailoti", ilhali tunalo neno rubani.

Neno hili limetoka baharini. Asili yake ni Kiarabu, na kwa mabaharia wa pwani rubani ni mjuzi wa njia: anayejua miamba, mikondo na mlango wa bandari, akakiongoza chombo kiingie salama. Nahodha ana amri ya chombo; rubani ana elimu ya njia. Ndege zilipokuja, Kiswahili kilimpandisha rubani huyo huyo angani. Waliorusha MiG katika Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, ni marubani.

Naupenda sana uteuzi huo. Katika MiG-21 yenye kiti kimoja, mtu mmoja hutoa uamuzi na kutafuta njia, kwa kasi inayoweza kufika takriban mara mbili ya kasi ya sauti. Na anayesoma rada, mafuta na mwinuko kwenye skrini ndogo anajifunza urubani, walau kwa mchezo. Wapenzi wa gemu, litumieni neno hili: limebeba elimu ya bahari yetu.